Nani kakombolewa, nani kabaki jikoni: jinsi ya kuangalia muvi za Weusi kwa jicho la teolojia

Ukiwaambia watu njooni tuangalie muvi alafu tuongee mambo ya Mungu, wengi wanajua unawaletea ile ya Yesu mwenye nywele ndefu na macho ya buluu inayowekwa kwa tivii kila Pasaka. Sio hiyo. Nachotaka kueleza hapa ni vile unaweza kuchukua muvi ya kawaida tu, ya Weusi wa Marekani ama ya huku kwetu, iwe na bunduki, iwe na mapenzi, iwe na mashetani, na ukaiangalia kwa maswali ya teolojia ya ukombozi wa Weusi na ile ya wumanisti, yaani teolojia ya wanawake Weusi wenyewe. Haitaki digrii. Inataka skrini, watu kama watano sita wasioogopa kubishana, chai ya tangawizi na kaimati, na mtu mmoja ambaye ashaiangalia ile muvi mbele ya wengine ili ajue pa kuisimamisha.

Mimi nafanyia sebuleni Kisauni, hapa Mombasa, majirani wengine Waislamu wengine Wakristo, kwa hivo mengi hapa chini yametokana na sebule ya namna hiyo. Kama wewe kikundi chako ni cha kanisa peke yake itabidi upunguze chumvi mahali.

Ya kujua kabla hujawasha projekta

Kuna bwana anaitwa James Cone, mwanateolojia Mweusi wa Marekani, kazaliwa 1938 huko Arkansas, kakulia kamji kadogo kanaitwa Bearden, kanisa lao la AME, yaani la Methodisti la Weusi, enzi ambazo Mweusi akinyongwa juu ya mti ilikuwa habari ya kawaida na kesho yake Jumapili walionyonga wako kanisani wanaimba. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1969, mwaka mmoja baada ya Martin Luther King kuuliwa, na alikuwa na hasira na hakuficha. Alisema Mungu ni Mweusi. Wazungu wakaruka, na Weusi wengine pia wakaruka, lakini hoja yake ilikuwa kwamba Mungu wa kitabu cha Kutoka, yule aliyesikia kilio cha watumwa Misri, hakai katikati kama refa. Palipo na mwenye kukanyaga na mwenye kukanyagwa yeye kashachagua upande, na Marekani upande wa kukanyagwa unajulikana rangi yake. Baadaye sana, 2011, akaandika kuhusu msalaba na ule mti wa kunyongea, akasema karibu watu 5,000 walinyongwa kati ya 1880 na 1940 na wanateolojia wakubwa wa Kizungu wakaandika vitabu vinene kuhusu msalaba bila kuuona mti uliokuwa nje ya dirisha lao. Hiyo ndo nusu ya kwanza ya jicho.

Kuna mtu atakwambia hayo ni ya Marekani sisi yanatuhusu nini, na hana makosa sana, manake hata mzee wetu John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, aliandika 1974 kwamba teolojia ya Weusi wa Marekani imezaliwa na uchungu wa kule na isichukuliwe ndo ya Afrika. Namheshimu mzee. Lakini ukiishi Kisauni hoja yake inapungua nguvu, sababu matatu inatushusha Kengeleni kila siku na wengi hatuulizi kengele ya nini. Ni ya Freretown, makao yaliyoanzishwa na wamishenari wa CMS, wa Kianglikana kutoka Uingereza, 1875 kwa watu waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Watu wamebatizwa pale, wakapewa majina mapya, wajukuu zao wako hapa hapa. Kwa hivo muvi ya utumwa tukiiweka sebuleni kwangu hakuna anayeangalia mambo ya mbali.

Nusu ya pili ya jicho waliileta wanawake. 1979 Jacquelyn Grant aliwauliza kina Cone waziwazi, nyinyi mnazungumza Weusi Weusi, wanawake Weusi wako wapi ndani ya teolojia yenu? Maana viti vya kanisa wamejaza wao na mimbari hawapewi. Cone mwenyewe baadaye alikubali kwamba aliandika kama vile Weusi wote ni wanaume. Mwandishi Alice Walker ndiye aliyetoa jina la wumanisti, kwenye kitabu chake cha insha cha 1983, na wanateolojia kama Katie Cannon wakalichukua na kulifanyia kazi.

Alafu akaja Delores Williams, 1993, na huyu ndo naomba mumshike sana kwa sababu alichagua mtu ambaye Mombasa nzima inamjua: Hajiri. Bi Hajar mama yake Ismail. Cone alianzia kwa Musa na bahari kupasuka, Williams akasema ngojeni, kuna mwanamke kabla ya Musa. Soma Mwanzo 16 na 21. Hajiri anapewa kwa bwana azae kwa niaba ya mke mwenye nyumba, anateswa, anakimbia jangwani akiwa na mimba, na Mungu anamwambia nini? Rudi. Rudi kwa yule anayekutesa. Hakuna bahari iliyopasuka. Na mara ya pili anafukuzwa na mtoto, maji yameisha, anamlaza mtoto chini ya kichaka asimwone akifa, ndo Mungu anamfumbua macho anaona kisima. Williams akasema huu ndo ukweli wa wanawake Weusi wengi: saa ingine Mungu hakukombolei, anakuonyesha maji, na wewe unaishi mpaka kesho, na kuishi huko kwenyewe ni jambo la kiimani na lisidharauliwe. Pia akakataa kabisa ile mahubiri ya kwamba mateso ya mtu mmoja kwa niaba ya wengine ni kitu kitakatifu, manake wanawake Weusi wameteswa kwa niaba ya wengine miaka mia nne na anayefaidi anajulikana.

Hapo sebule yangu huwa inachemka. Jirani zangu Waislamu wanasema kwao Bi Hajar hakuachwa kwa chuki, aliachwa kwa amri ya Mungu, na mbio zake baina ya Safa na Marwa ndo kila anayekwenda Hija anazikimbia mpaka leo, wanaume na masheikh na mabilionea wote wanafuata nyayo za mama mmoja anayetafutia mtoto maji. Wengine wanasema hata mjakazi hakuwa, alikuwa binti wa kifalme wa Misri. Waache waeleze, hayo ni mali kwa kikao chenu. Ule mjadala wa aliyetaka kuchinjwa ni Ismail ama Isaka ndo muuache nje na viatu, huo hauishi na chai itapoa.

Maswali matatu

Basi mimi natumia matatu tu, na naandika kwa karatasi kubwa nabandika ukutani chini ya saa.

Nani anakanyagwa hapa, na muvi imemweka Mungu upande gani? Usiangalie nani anaomba. Angalia nani anasema kwa jina la Mungu na nani anapata hasara akisema.

Ukombozi huu umelipwa na mwili wa nani?

Na kesho yake asubuhi wataishi vipi, yaani nani anajua kisima kiko wapi?

Swali la kwanza ni la Cone, hayo mengine mawili ni ya kina mama. Ukikosa muda liache la kwanza, manake muvi yenyewe huwa ishalijibu, director kalipwa kwa kazi hiyo. La pili ndo halijibiwi, mara nyingi hata director hajajua kwamba amelijibu.

Anza na The Color Purple, ile ya 1985

Ni ndefu, dakika 154, kwa hivo anzeni mapema ama mgawe siku mbili. Kuna ya 2023 ya nyimbo, aliyoifanya Blitz Bazawule wa Ghana, ni nzuri na inachangamsha, lakini kwa kazi hii ya zamani ina makosa mazuri ya kujadili na ndo maana naipenda.

Simamisha pale Sofia anatoka kwenye mahindi. Mume wake Harpo kamuuliza Celie afanye nini na mke asiyesikia, na Celie, ambaye mwenyewe anapigwa kila siku, kamjibu mpige. Sofia anakuja mzima mzima akipasua yale mahindi kumuuliza Celie, umemwambia Harpo anipige? Usiseme kitu. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Mtu ataongea, na mara nyingi ni mwanamke mkubwa, na ataongea habari ya mkwe ama ya wifi. Hapo ndo utaona kwa nini teolojia ya Cone peke yake haitoshi: anayekanyagwa yuko hapo na aliyemshauri mkanyagaji naye anakanyagwa, wote Weusi, wote kina mama, na hakuna Mzungu hata mmoja kwenye lile shamba.

Alafu kuna Sofia na Krismasi. Sofia kafungwa jela kwa sababu mke wa meya alimtaka awe yaya wake akakataa, maneno yakazidi mpaka meya akampiga kofi naye akarudisha, na akitoka jela anaishia kuwa kijakazi wa huyo huyo mama. Siku ya Krismasi anapelekwa kuona watoto wake aliowakosa miaka, na mama mwenye gari hajui kuendesha vizuri, anashikwa na hofu kwa sababu Weusi wanamzunguka kumsaidia, na Sofia inabidi aache watoto dakika chache tu baada ya kufika amrudishe bosi nyumbani. Simamisha usoni mwa Sofia. Uliza swali la pili. Hapa Mombasa hamtakaa na Marekani hata dakika mbili, mtahamia Saudia. Kila mtaa una msichana aliyekwenda kulea watoto wa wenyewe akawaachia wake nyanya, na wengine hawakurudi wazima. Hajiri huyo. Nshaona kikao kizima kimeacha muvi kikaongea hayo mpaka usiku na sikuwarudisha, sababu muvi ilikuwa ishafanya kazi yake.

Kuna ile ya Shug, yule mwimbaji, na Celie wakitembea kwenye maua ya zambarau, Shug anamwambia Mungu huchukia ukipita mahali penye rangi hiyo usiione. Watu wanaona ni sentensi tamu ya kuweka status. Ndani ya riwaya ya Alice Walker, ambayo ndo imezaa muvi, ni kali zaidi, Shug anamvua Celie yule Mungu mwanamume Mzungu mzee mwenye ndevu na anamwonyesha Mungu aliye ndani ya miti na hewa na watu. Muvi imepunguza hiyo, badala yake imemtungia Shug baba mchungaji, na kuelekea mwisho anaingia kanisani akiimba amerudi kwa baba. Machozi yatatoka, ile kwaya ni moto. Lakini uliza: kwani nani kasema Shug alikuwa amepotea? Kwa kitabu hakuwa na baba mchungaji wa kumwomba msamaha. Mtu aliyeandika ile sehemu alitaka mwanamke huru arudishwe nyumbani kwa baba, na hilo nalo ni teolojia, tena ni ile ile ambayo wumanisti wanaikataa.

Sinners, kwa wale wasioogopa damu

Hii ni ya 2025, ya Ryan Coogler, Mississippi 1932, mapacha wawili Smoke na Stack wanafungua ukumbi wa muziki, na kuna kijana Sammie, mtoto wa mchungaji, anayepiga gitaa la bluzi mpaka mizimu inaamka. Ina matusi, ina damu, ina vitanda, kwa hivo watoto walale kwanza. Kama hujaiona ruka hii aya manake nitaharibu mwisho.

Cone alikuwa na kitabu cha 1972 kuhusu nyimbo za kiroho na bluzi, akasema ni mama mmoja, zile za kanisani na zile za baa zote zimetoka kwenye uchungu ule ule na zote zinashikilia utu wa mtu Mweusi. Sinners imekaa juu ya hoja hiyo. Baba mchungaji anamtaka Sammie aache gitaa, Sammie anaingia kanisani asubuhi kajaa damu na kipande cha gitaa mkononi, na hakiachilii. Kila mtu kwa sebule ana mjomba aliyepiga taarab ama bango akaambiwa na wakubwa achague, kwa hivo hapa hamtakosa la kusema.

Ila mimi sehemu yangu ni ile ya maji. Remmick, mkubwa wa vampaya, amemshika Sammie majini, Sammie anaanza Baba Yetu Uliye Mbinguni, na wale vampaya wote wanaitika sala pamoja naye! Haiwafukuzi. Remmick ni Muairishi, anasema watu walioiba ardhi ya baba yake ndo waliowaletea maneno hayo, na bado yanamfariji. Rudisha nyuma uione mara mbili. Ni swali la kwanza limepinduliwa: maneno ya Mungu yako kinywani mwa mnyonge na kinywani mwa mnyonyaji kwa sauti moja, sasa utajuaje? Jirani yangu mmoja alisema hiyo ndo Fort Jesus, ngome ya mizinga ya Wareno ikapewa jina la Yesu, na sikupata la kuongeza.

Na Annie msimsahau. Ni mganga, ana mizizi na kago, ndiye wa kwanza kujua kitu gani kimewavamia na ndiye anawalisha kitunguu saumu kuwapima. Wanaume wana bunduki, Annie ana maarifa. Halafu anakufa. Uliza swali la pili, na msiiogope sana muvi kwa sababu ni nzuri: kwa nini lazima awe yeye?

Za wenye subira

Daughters of the Dust ya Julie Dash, 1991, ndo muvi ya kwanza ya mwanamke Mweusi wa Marekani kusambazwa kwenye majumba ya sinema kule kote. Ukiwaambia watu ni muvi ya visiwani, ya mwaka 1902, ukoo mzima unakula chakula cha mwisho ufukweni kabla wengine hawajahamia kaskazini, watakuja. Wakifika wataona haina mwendo wanaouzoea, hadithi inazunguka, na lugha ni Kigullah, ya Weusi wa visiwa vile, kwa hivo wekeni maandishi ya chini na msione haya. Waambie waangalie chakula, bamia na kaa na kamba, na mikono ya Nana mzee wa ukoo iliyobaki na rangi ya nili kutoka enzi za utumwa.

Pwani tunaielewa hii muvi haraka kuliko watu wa bara, nasema kwa majivuno. Mna bibi anayeongea na mizimu, mna Viola aliyeokoka anayekunja uso, na mna Bilal Muhammad anayeswali karibu na bahari, ambaye nyuma yake kuna mtu wa kweli, Bilali wa kisiwa cha Sapelo, mtumwa aliyeacha maandishi ya Kiarabu ya fiqhi. Ukoo mmoja, dini tatu, nguo nyeupe, mchanga. Mpwani gani wa hapa hajawahi kuona hivo?

Na kuna mtego mzuri. Kuna mkamwana anaitwa Haagar. Utadhani ndo Hajiri wa Williams, kumbe huyu ndiye anayetaka kuwaacha wazee na mizizi yao yote aende zake mjini, na binti yake ndiye anayeruka juu ya farasi abaki kisiwani. Kuelekea mwisho Nana anafunga kago lenye nywele za mama yake juu ya Biblia ya Viola na anawataka watu wabusu. Simamisha. Uliza nani hapa sebuleni angebusu. Usijibu wewe mwenye nyumba, na kama kuna mchungaji ama ustadhi mwambie mapema ajibu wa mwisho. Hii ni kanuni ya kila siku, sio ya hii muvi tu, manake akijibu wa kwanza wengine wote wanaitikia amina na mmelala saa tatu.

Selma nayo, ya Ava DuVernay, 2014, watu huiangalia kwa ajili ya King na hotuba. Nyinyi angalieni jikoni. King na wenzake wanafika nyumba ya Richie Jean Jackson wakapikiwa, na mapinduzi yanapangwa midomo ikiwa imejaa chakula cha mama mmoja. Angalia Annie Lee Cooper akijaribu kujiandikisha kura, anaulizwa kuna mahakimu wangapi wa kaunti, anasema 67, anaambiwa haya wataje majina. Kina mama waliowahi kufuata kitambulisho huku Pwani wakaulizwa cheti cha kuzaliwa cha babu watacheka kicheko kile kibaya. Na usiku King anashindwa kulala anampigia simu Mahalia Jackson amwimbie, naye anaimba. Nabii wa taifa zima, na kisima chake ni mwanamke aliyeamshwa usiku wa manane.

Malcolm X ya Spike Lee sitaimaliza hapa, ni dakika 202, lakini kwa kikao cha mchanganyiko ina mazungumzo mawili ya dhahabu: pale jela Malcolm anamuuliza mchungaji Yesu alikuwa rangi gani, na pale Maka. Nzuri sana kwa swali la kwanza. Kwa la pili na la tatu iko na njaa, Betty mke wa Malcolm hajapewa nafasi.

Zile za kujihadhari

Kuna muvi watu wazuri wanazipenda na ukizigusa wanakasirika. The Green Mile, 1999, Mweusi mkubwa mpole John Coffey, angalia herufi za jina lake, anaponya Wazungu magonjwa yao, anabeba maumivu yao mwilini, na wao wakijua hana hatia wanamkalisha kwenye kiti cha umeme na yeye anawafariji. Sebule italia. Acha walie, alafu uliza la pili. Ndicho alichokikataa Williams, Mweusi kuwekwa mahali pa kuteseka kwa niaba, na muvi inakuambia ni kizuri, ni kama Yesu. The Help nayo, 2011, hadithi ya wajakazi lakini anayekua na kupata kazi New York ni msichana Mzungu aliyeziandika. Viola Davis mwenyewe alisema baadaye anajuta kuicheza kwa sababu sauti za wale kina mama hazikusikika. Sisemi msiziangalie. Ziwekeni ya tatu ama ya nne, watu wakishazoea maswali, mtaona wanavyozifumua wenyewe bila wewe kusema.

Mambo ya kikao

Angalia muvi yote peke yako kwanza, andika dakika za kusimamisha, tatu zinatosha, zikizidi watu wanakasirika. Ramadhani hamisheni baada ya tarawehe ama mpumzike. Siku za kawaida anzeni baada ya isha, manake ukianza magharibi utasimamisha mara mbili kwa adhana na utamu umekatika. Chaji laptopu na spika kabisa, stima ni ya kudra.

Nani anapika na nani anatoa vyombo? Swali la pili linaanzia hapo, na ni aibu mkijadili Hajiri wakati msichana wa nyumba amesimama mlangoni na trei. Aketi. Mwulize naye. Sisi wanaume ndo tunaosha vikombe, na kuna mmoja hujificha chooni kila wiki, tushamjua.

Ukitaka kutoka sebuleni uende ukumbini, kwa watu wengi ama kwa kiingilio, hayo ni maonyesho ya hadhara, ulizia vibali KFCB, ile bodi ya filamu ya Kenya, na uombe ruhusa ya wenye muvi. Usiweke flashi tu ukadhani hakuna anayejua.

Alafu rudini nyumbani

Wakishaizoea, leteni za Kiswahili. Supa Modo ya Likarion Wainaina, 2018, dakika 74 tu na watoto wanaweza kukaa. Jo ni mgonjwa wa kutopona, mama yake anamtoa hospitali kumrudisha kijijini, na dada yake na kijiji kizima wanakula njama ya kumfanya aamini ana nguvu za shujaa. Hakuna mchungaji anayekuja kuweka mikono, hakuna ushuhuda. Kwa Cone hapa hamtapata mengi. Kwa Williams mtapata muvi yote, kwa sababu swali lake halikuwa utapona ama hutapona, lilikuwa siku zilizobaki ni za namna gani na nani anazitengeneza. Ulizeni kama mama wa Jo amefanya dhambi kukubali ule uongo. Sebule yangu iligawanyika katikati.

Na Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, kutoka kwa riwaya ya Adam Shafi, Zanzibar ya miaka ya 50 chini ya Mwingereza. Denge anapigania uhuru, Yasmin amekimbia ndoa ya mzee aliyechaguliwa na wazazi. Kila mtu atamzungumzia Denge. Wewe uliza habari ya Mwajuma, yule aliyempokea Yasmin nyumbani wakati jamaa zake wamemfungia mlango. Yeye hana hotuba ya siasa. Ana chumba, ana mkeka, ana nyimbo, na anapokea mtu wa kabila jingine bila kumuuliza dini. Muwekeni mbele ya lile karatasi la ukutani swali moja moja, na kama kijana anataka kusema huyo ni wa pembeni tu, mwambie aseme, alafu mpeni mama aliyekaa kimya zaidi amjibu.

Muvi ya wiki inayofuata achague huyo aliyekaa kimya. Akichagua ya Nollywood msimcheke, kule kuna manabii wengi kuliko tuktuk za Mwembe Tayari, na yale maswali matatu yanaingia vile vile, hasa la pili, pale nabii anapomtolea mtu pepo na mke wa nabii anaonekana nyuma kidogo akihesabu sadaka.